Miaka Mitatu Nikiyalaumu Maji

Nafundisha kemia hapa Kitengela, na nimefundisha muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wazazi wanaokuja kwenye mikutano ya shule niliwahi kuwachapa wao wenyewe kwa kupiga kelele darasani. Kila mwaka naanza na somo moja. Mwanasayansi huona jambo, hulitafutia maelezo, huyajaribu maelezo hayo, na yakishindwa huyatupa na kutafuta mengine. Nachora mishale ubaoni, wanafunzi wananakili, tunaendelea na mambo ya asidi. Ni somo la dakika arobaini. Nimelifundisha miaka mingi bila kulielewa, na kama kuna aliyetaka kujua kwa nini siku hizi nalipitia haraka haraka nikiwa nimeligeuzia darasa mgongo, basi ni hii hapa sababu.

Binti yangu alikuwa gredi ya nne nilipoyaona magoti yake. Ilikuwa Jumapili asubuhi, anajaribu gauni la kanisa, amesimama mbele yangu miguu pamoja ili nipime upindo, na magoti hayakugusana. Ngumi yangu ilipita katikati. Nilimwambia asimame vizuri. Akasema amesimama vizuri. Nikamfokea kwamba hajasimama vizuri, akajitahidi mpaka jasho likamtoka, na magoti yakabaki pale pale.

Meno yake yalikuwa ya kahawia tangu yale ya utotoni yang'oke, lakini hilo halikunishtua. Kuanzia hapa hadi Kajiado mjini, mtoto mwenye meno meupe ndiye anayeulizwa ametoka wapi.

Nilimpeleka kwa daktari huko Kajiado. Akamtazama, akampiga picha ya eksirei, akasema ni matege, pengine mwili umekosa vitamini na kalsiamu, apewe vidonge na apate jua. Jua! Nilikaribia kumcheka. Kitengela tuna jua la kuwagawia majirani. Lakini alisema jambo jingine ambalo nililishika na sijaliachilia hadi leo. Alisema mifupa ya mtoto anayekua inaweza kujinyoosha yenyewe chanzo kikiondolewa mapema. Akishaacha kurefuka, basi, hapo ni kukata mfupa kwa msumeno na kuuunga upya, na mfupa wenyewe ukiwa dhaifu huenda usiunge. Kwa hiyo nilikuwa nimepewa kazi na muda. Nitafute chanzo kabla mtoto hajaacha kukua.

Tulimeza vidonge mihula miwili. Nilimpima kila mwisho wa mwezi kwa kamba na rula ya shuleni, nikaandika. Pengo la magoti liliongezeka. Basi nikayatupa maelezo ya daktari, bila uchungu wowote, kama ninavyofundisha. Ilikuwa rahisi, maana hayakuwa yangu.

Yangu yalikuja baadaye, na yalikuja yakiwa matamu. Tulikuwa tunatumia maji ya kisima cha mashine kilichochimbwa na mwenye ploti kwa ajili ya nyumba zetu sita. Maji magumu, yenye chumvi, sabuni haitoi povu. Nilisoma juu ya floraidi, jinsi inavyoyapaka meno rangi ikiwa kidogo na jinsi inavyoipinda mifupa ikizidi, na moyo ukanipiga. Nikachukua chupa nne, nikawapa wanachama wa klabu ya sayansi kazi ya kuziandika lebo, nikazipeleka kwenye maabara moja ya Nairobi ambako alikuwapo mtaalamu tuliyesoma naye chuo. Majibu yalirudi: floraidi imezidi kiwango kinachoruhusiwa. Nilicheza dansi kwenye korido ya ile maabara. Mtaalamu alinitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, umepata kwamba maji iko na floraidi. Hujapata kwamba ndiyo imepinda huyo mtoto."

Nilidhani ana wivu.

Sitasema uongo, nilifanya kazi. Niliitisha mkutano wa wapangaji, nikaongea kanisani kwa kina mama, nikaeleza kwamba kuchemsha hakuiondoi floraidi, maji yanapungua sufuriani nayo inabaki. Niliweka mifereji kwenye bati langu na tangi kubwa, tukaanza kunywa maji ya mvua tu, na mvua ikikosa nanunua maji yaliyopimwa. Watu wakaniita Mwalimu wa Maji. Nilipenda jina hilo kuliko nilivyokubali kuonyesha.

Sasa nimlete jirani yangu, maana bila yeye hakuna kisa. Ni mama mmoja kutoka upande wa Garissa, muuza mbuzi, nyumba ya pili kutoka kwangu. Yeye na mumewe hununua mbuzi na kuwauza, na nyuma ya ploti alikuwa na zizi dogo la wale aliowafuga mwenyewe. Binti yake na wangu walizaliwa mwaka mmoja. Tulipeana vitu kama majirani wanavyopeana. Yeye alinipa maziwa, mimi nilimpa magadi.

Magadi niliyatoa Kiserian. Dada yangu anauza nafaka kwenye soko la huko, na kwa kuwa Kiserian iko kwenye barabara ya kwenda Ziwa Magadi, mawe ya magadi yanafika pale kwa wingi. Desturi ya pale sokoni ni kwamba ukinunua maharagwe unaongezewa jiwe la magadi bure, kama vile mwingine angekuongezea nyanya moja. Sisi tunaotoka Ukambani hatupiki isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, bila kipande cha magadi kwenye sufuria, hasa kwa maji magumu ya huku. Bila hicho utachoma mkaa hadi jioni na maharagwe yanakutazama tu. Kila mwezi nilirudi kutoka kwa dada na mfuko mzima. Niligawa. Nilimpelekea mama yangu Makueni, niliwapa kina mama wa kanisa, nilimpa jirani. Yeye hakuyapikia. Aliyaweka zizini mbuzi walambe.

Siku moja alikuja na chupa ya maziwa akatukuta mezani. Binti yangu alikuwa gredi ya tano. Nikampakulia jirani, naye akasukuma sahani pembeni kwa adabu.

"Abaayo, hii chakula yako mimi siwezi," akasema. Abaayo ni dada, ndivyo alivyoniita siku zote. "Hiyo jiwe unaweka ni ya mifugo. Na hata mifugo unapea kidogo. Mtoto asikule hiyo kila siku."

Nikacheka. "Nyanya yangu amekula magadi mpaka akazeeka."

"Sijui nyanya yako. Mimi nakuambia mtoto."

"Uko na ushahidi gani?"

"Ushahidi?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitambulisho nyumbani kwake. "Mimi najua tu."

Nikamwambia, mbele ya binti yangu aliyekuwa na kijiko mdomoni, kwamba "najua tu" si ushahidi, na kwamba kwenye darasa langu jibu hilo linapata sufuri. Alicheka pia, kwa sababu ni mtu mzuri, akaaga. Sisi tukamaliza kula.

Mwaka wa kwanza wa maji ya mvua ulipita. Mtaalamu wa maabara alikuwa amekubali kupima mkojo wa binti yangu kila muhula. Kama maji ndiyo chanzo, alisema, floraidi kwenye mkojo inapaswa kushuka. Haikushuka. Nikaeleza kwamba mifupa ilikuwa imehifadhi nyingi na inaitoa polepole. Na ni kweli, mifupa hufanya hivyo, niliyasoma. Mwaka wa pili haikushuka. Nikaeleza kwamba anakunywa maji ya bomba shuleni. Nikaanza kumfungia chupa yake, nikamuapisha. Muhula uliofuata, haikushuka. Nikaeleza kwamba chupa ya kupimia huenda ilikuwa chafu.

"Mwalimu," mtaalamu akaniambia kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imeshachoka na mimi, "niambie kitu moja. Ni majibu gani nikikupea utakubali si maji?"

Nilikuwa nimeyajengea maelezo yangu ukuta pande zote, kila jibu lililokuja nililipatia mlango wa kutokea. Mwanafunzi angenifanyia hivyo ningemrudishia daftari. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na shahada ya kutoliona.

Na ushahidi ulikuwa unapita mlangoni kwangu kila asubuhi. Jirani yangu hakuwahi kuacha maji ya kisima. Alinisikiliza mkutanoni, akatikisa kichwa, akaendelea kuchota. Binti yake alikunywa maji yale yale tangu kuzaliwa. Meno yake yalikuwa na madoa machache, basi, na miguu imenyooka kama michi ya mpingo. Nilikuwa na jibu la hilo pia. Nilisema wale ni watu wa maziwa. Na huenda maziwa yalimsaidia, sikatai, lakini sikusema hivyo kwa sababu nilikuwa nimepima. Nilisema kwa sababu nilitaka kulala.

Binti yangu alifika gredi ya nane akitembea kama mtu aliyebeba mzigo katikati ya miguu. Alianza kuvaa sketi ndefu. Alianza kuomba ruhusa ya kutoshiriki michezo, nami nikawa namwandikia barua, barua nzuri, zenye muhuri.

Kilichonivunja ni hasira ya jirani kuhusu mbuzi. Ilikuwa Jumamosi, mnunuzi alikuwa ameondoka bila kununua, naye akaniita zizini nione alivyoonewa. Alimshika mbuzi mmoja, akamfunua mdomo kama afanyavyo kila muuza mifugo anapotafuta umri. Meno yalikuwa ya kahawia, yamelika mpaka karibu na ufizi.

"Ona. Hii ni ya miaka mbili tu, imezaliwa hapa. Mnunuzi anasema nimemdanganya, anasema ni mzee." Akamwachilia, akamvuta mwingine. "Hii pia imezaliwa hapa." Meno vilevile. Kisha akamvuta wa tatu, dume kubwa. "Hii nilinunua soko ya Bisil ikiwa kubwa. Ona meno." Yalikuwa meupe, safi. "Maji ni moja. Majani ni moja. Sasa mimi nimeharibia nini mbuzi zangu?"

Hakuwa ananifundisha. Alikuwa analalamikia bei. Binti yake alikuwa amesimama pale akimshikilia dume miguu ya nyuma, naye amelelewa na maji yale yale na miguu yake imenyooka. Pembeni ya zizi, juu ya kipande cha bati, lilikuwapo jiwe langu la magadi, limelambwa hadi likawa na shimo katikati.

Niliomba kiti. Watu husema mwanasayansi anapopata jibu hufurahi, hupiga kelele. Mimi niliketi nikaanza kuhesabu. Niliwapanga kichwani kama ninavyowapanga wanafunzi foleni ya maabara. Mbuzi waliozaliwa hapa: maji na magadi, wameharibika. Dume aliyenunuliwa: alifika meno yameshaota, amesalimika. Binti wa jirani: maji bila magadi, amesalimika. Binti yangu: miaka mitatu bila maji ya kisima, magadi karibu kila siku, anazidi kupinda. Jaribio lilikuwa limekamilika zamani. Lilifanywa na mbuzi, hatua thelathini kutoka jikoni kwangu.

Jirani akaniletea maji ya kunywa. Hakusema "nilikuambia." Natamani angesema.

Niliyatoa magadi yote jikoni siku hiyo hiyo. Kipande kimoja nilikipeleka maabara. Mtaalamu alinipigia simu mwenyewe, akasema amelazimika kuchanganya sampuli na maji mara kadhaa ndipo mashine iweze kusoma. Kisha akasema kwa sayansi nzuri ingefaa binti aendelee kula magadi wiki chache tu, tumpime vizuri, ndipo aache. Nilimwambia nina vipimo vya miaka mitatu vya mtoto anayekula magadi, vinamtosha. Aliomba msamaha. Hakuwa na kosa, alikuwa anafanya kazi yake kwa usahihi kuliko mimi nilivyowahi kuifanya yangu.

Nikarudi kwa kina mama wa kanisa. Nilisimama pale pale nilipokuwa nimesimama kuwahubiria maji, nikawaambia nilikosea, au nilikuwa na nusu tu ya ukweli. Maji yana floraidi, ndiyo, lakini magadi yana nyingi zaidi, na mengi ya hayo magadi mliyapata kwangu. Mmoja akasema, "Mwalimu, mwaka ule ulisema ni maji, nikanunua tangi. Leo ni magadi. Mwaka ujao utatuambia ni hewa?" Wakacheka. Mwingine akasema mababu walikula magadi na waliruka juu kwenye ngoma. Nilijaribu kuwaeleza kwamba sayansi hufanya hivyo, hujisahihisha, kwamba kukubali kosa ndiyo nguvu yake. Niliona nyuso zao. Kwao, mtu aliyebadilisha maneno ni mtu aliyedanganya mara ya kwanza. Na mimi ndiye niliyewafundisha kuamini kwa uhakika wote ule. Kama siku zile ningesema "huenda", pengine leo wangenisikia. Bado wanapikia magadi. Mama yangu Makueni pia bado anapikia, ananiambia mwili wake hauna shida.

Mkojo ulianza kushuka muhula wa kwanza. Muhula wa pili ukashuka zaidi, wa tatu zaidi tena, mstari mzuri unaoteremka ambao ningeweza kuuchora ubaoni. Mtaalamu akafurahi. Akasema sasa maelezo yamesimama, yametabiri na utabiri umetimia, anaweza hata kuyaandika na wenzake wayasome na kuyapinga wakiweza. Nilikubali bila kufikiri. Kila namba iliyoonyesha kwamba niko sahihi ilionyesha pia aliyekuwa anashika mwiko.

Wiki hiyo hiyo tulirudi kwa daktari Kajiado na picha mpya ya eksirei. Aliiweka kwenye mwanga akatuonyesha sehemu ya mfupa ambapo mtoto anayekua huwa na mstari mweusi, kama nafasi kati ya mawe mawili. Hapakuwa na mstari. Mfupa ulikuwa umefunga. "Amemaliza kukua," akasema. Akauliza kama tulipata chanzo. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri sana, wengi hawakipati. Kuhusu kukata, alisema mifupa ya namna hii haikatwi kwa haraka, tusubiri, tuone, na aliposema tuone hakuwa ananitazama.

Kuna methali tunayowaimbia watoto, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haisemi lolote kuhusu mtu mzima aliyekataa kusikia na guu likawa la mwingine.

Tulitoka tukaketi kwenye benchi ya nje tukingoja dawa za maumivu. Binti yangu ana miaka kumi na mitano sasa. Ni mtoto mwenye akili, alikuwa ameziona karatasi za mtaalamu mezani nyumbani, amezisoma zote, hata rasimu aliyoianza mtaalamu, yenye maneno "chakula kilichoandaliwa na mama." Nilianza kumweleza, nikatumia sauti ya darasani kwa sababu nyingine haikutoka. Nikamwambia kwamba nilikuwa na maelezo, na kwamba mtu akiwa na maelezo anayoyapenda huwa hasikii, na kwamba sikujua.

"Mum, uliambiwa," akasema. Hakukasirika. "Nilikuwa hapo. Ilikuwa mwaka gani?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Hakuna maabara ambayo ingenipinga.

"Ulikuwa gredi ya tano," nikamwambia.

Akanyoosha miguu yake mbele, kadiri inavyoweza kunyooka, akaitazama.

"Gredi ya tano," akasema, "nilikuwa bado nakimbia."